Gari inanirudia nyuma kwenye mlima wa Isamilo, nifanyeje?

Wasomaji wangu habari za siku. Toleo hili nimeamua liwe la milima tupu, manake barua zimeingia nne na zote zinalia kitu kilekile, gia na mlima. Ya kwanza ni ndefu na nimeijibu kwa urefu, hizo nyingine mtanisamehe.

Shikamoo Anko Usukani. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Isamilo hapa Mwanza, nauza dagaa, mzigo nachukua Mwaloni Kirumba alfajiri nasambaza kwa wateja. Nimenunua kirikuu ya mtumba, Suzuki Carry ya gia, nikasoma chuo cha udereva wiki tatu na lena (leseni ya kujifunzia) ninayo. Kule chuoni tulikuwa tunazungushwa kwenye uwanja tambarare, nikajua, mwalimu akasema umeiva. Shida imeanza nilipoanza kupanda nayo nyumbani. Nikisimama tu mlimani, labda mbele kuna bajaji inashusha abiria, nikitaka kuondoka gari inarudi nyuma, nikikanyaga mafuta inavuma, inaruka kama chura, inazima. Wiki iliyopita imerudi ikagusa bajaji ya kijana mmoja, nimelipa 20,000 na matusi juu. Sasa hivi nikifika pale chini nasubiri njia iwe nyeupe kabisa ndo napanda kwa kasi bila kusimama. Afu kuna harufu naisikia ya kitu kuungua. Siku moja nilivuta handibreki, konda wa daladala akanicheka, akasema mama hiyo ni ya kupaki. Mume wangu anasema niuze ninunue ya oto. Nisaidie, au mi ni mzito wa kuelewa? — Mama Dagaa, Isamilo.

Marahaba Mama Dagaa, na pole kwa bajaji na kwa matusi.

Nianze na huyo konda manake ndo kakuharibia. Handibreki ni ya kupaki, eti. Mi nimeendesha Hiace miaka 14 hapohapo Mwanza, njia ya Nyegezi, nimebeba watu na ndoo za sangara na siku moja mbuzi aliyekuwa na tabia mbaya kuliko abiria wote, na handibreki yangu ilikuwa inavutwa kila nikisimama mlimani mpaka plastiki ya kishikio ikaisha nikafunga mpira wa tyubu. Wale wanaoona aibu kuvuta handibreki ndo unawakuta wameshikilia gari kwa klachi, gari imetulia mlimani haiendi mbele hairudi nyuma, dereva kaegemeza kiwiko dirishani anajiona fundi, baada ya muda unamkuta gereji giaboksi iko chini kwenye gunia na fundi anamwonesha pleti imekuwa nyeusi kama kikaango. Sasa nani wa kuchekwa hapo.

Wewe si mzito. Ulichofundishwa ndo kilikuwa nusu. Kwenye tambarare gari haina haraka na wewe, ukichelewa kuachia klachi inakusubiri, ukikosea inazima pale pale ilipo, unawasha tena, hakuna aliyeumia. Mlimani ukitoa tu mguu kwenye breki gari inaanza kwenda inakotaka yenyewe. Na hesabu ni kwamba pedeli ziko tatu, miguu unayo miwili. Wa kushoto uko kwenye klachi, wa kulia uko kwenye breki, wa kukanyaga mafuta haupo! Kwa hiyo unautoa wa breki kwa haraka unaukimbiza kwenye mafuta, na ndani ya hiyo sekunde moja gari imeshasogea nyuma, wewe umeshtuka, umekanyaga mafuta mengi, umeachia klachi yote kwa mara moja kwa woga, ndo hiyo kuruka kama chura unayosema. Handibreki ndo mguu wako wa tatu mama. Mtu asikunyime mguu.

Sasa tuje kwenye klachi yenyewe, na hapa naomba usiruke mistari. Huko chini kuna sahani nzito inaitwa flaiwili, inazunguka pamoja na injini muda wote. Kuna sahani nyingine, pleti ya klachi, hiyo inazungusha giaboksi na giaboksi inazungusha matairi. Na kuna presha pleti inayoibana hii pleti kwenye flaiwili. Ukikanyaga klachi zinaachana, injini inazunguka peke yake. Ukiachia yote zinabanana zinakuwa kitu kimoja. Katikati hapo kuna pahali padogo sana, mwendo wa pedeli kama upana wa kidole kimoja au viwili, ambapo pleti imeshaanza kushika lakini bado inateleza. Hapo ndo wengine wanapaita hafu klachi, wengine wanasema kubalansi. Mlima wote wa Isamilo, na wa Bugando, na wa Capri Point, upo ndani ya hicho kidole kimoja.

Kukipata hicho kidole unatumia sikio zaidi ya mguu, na hapo we una bahati kuliko wenye magari ya kifahari manake kwenye kirikuu injini umeikalia, iko chini ya kiti chako, inakusemesha. Fanya hivi. Jumapili asubuhi tafuta sehemu tambarare iliyo wazi, uwe na mtu mwenye leseni pembeni kama lena inavyotaka, na alama yako ya L mbele na nyuma usiione aibu (ile L inapunguza honi nyuma yako kuliko unavyodhani). Vaa raba au viatu vya chini, kandambili acha nyumbani, inaingia chini ya pedeli siku ambayo hutaki, na kama umejifunga kitenge kikaze vizuri kisibane magoti manake kwenye kirikuu magoti yanakaa juu. Washa gari, kanyaga klachi mpaka mwisho, ingiza namba moja. Mguu wa kulia uweke sakafuni, ndiyo, sakafuni, mafuta usiguse kabisa. Sasa achia klachi taratibu, kisigino kikiwa kimegusa chini, kama mtu anayenyanyua mfuniko wa sufuria hataki mvuke umpige. Sikiliza. Kuna mahali sauti ya injini itazama, itakuwa nzito kidogo, kama mtu aliyebebeshwa gunia ghafla. Ukiweka chupa ya maji iliyo nusu juu ya dashibodi utaona maji yameanza kutetemeka. Simamisha mguu hapohapo, usiachie zaidi. Gari itaanza kutembea yenyewe bila mafuta, polepole kama mzee anayetoka msikitini. Ikitembea kanyaga klachi, kanyaga breki, simama. Rudia. Mara 30, mara 40, mpaka mguu wa kushoto uchoke. Ikizima usihesabu kama kosa, imekuonesha tu kwamba umepita pale pahali.

Nusu ya wanafunzi wangu hili zoezi wanaliona la kitoto, wanataka mlima leo leo. Hao ndo wanaorudi.

Siku ya pili au ya tatu tafuta kamwinuko kadogo, sio huko kwenu juu. Simama kwa breki ya mguu, vuta handibreki mpaka iume, toa mguu kwenye breki uone kama gari imekaa. Kama imesogea hata kidogo, handibreki yako imelegea, mpelekee fundi akaze waya na aangalie brekishuu za nyuma kabla hujaendelea na somo lolote, mtumba mwingi unakuja handibreki ni pambo. Ikikaa, mambo ni haya: klachi chini, namba moja, kidole gumba kiwe tayari kwenye kile kitufe cha handibreki lakini usiishushe. Mguu wa kulia sasa uko huru, kanyaga mafuta kidogo, injini ivume kuliko ilivyo ikiwa imesimama, isipige kelele, na ishikilie hapohapo. Usipampu. Anza kunyanyua klachi mpaka usikie ule uzito uliouzoea, na kirikuu kwa vile inasukuma kwa matairi ya nyuma utaona na mkia unataka kukaa chini kidogo, kama paka anayejiandaa kuruka. Hapo gari inataka kwenda na handibreki imeikatalia. Ndo unashusha handibreki, taratibu sio kwa kuitupa, huku unaongeza mafuta kidogo na klachi unaendelea kuiachia polepole. Gari itaondoka mbele haijarudi hata inchi. Mara ya kwanza utacheka mwenyewe ndani ya gari. Kuna dada mmoja nilimfundisha alipiga vigelegele, jirani wakatoka nje.

Ukishaondoka usiwe na haraka ya namba mbili. Hili nalo ni kosa la wengi, gari imeanza tu kupanda anakimbilia gia, wakati anakanyaga klachi mwendo unakufa, akiachia gari inatikisika na anarudi pale pale alipokuwa. Kirikuu yako injini yake ni ya zile za cc 660, nguvu zake ndogo, iache ilie kwenye namba moja mpaka ishike mwendo. Na ukiwa unapanda na namba mbili ukaona mbele watu wamesimama, shusha uingie namba moja mapema wakati bado unatembea.

Ikikuzimikia katikati ya mlima, na itakuzimikia mama, tusidanganyane, cha kwanza ni breki ya mguu, kwa nguvu. Sio funguo, sio klachi. Breki, handibreki, gia toa iwe frii (isiwe kwenye namba yoyote), pumua, washa. Honi za nyuma ziache zilie, hazijawahi kusukuma gari. Na kabla ya hapo jipe nafasi, usimbandikie wa mbele yako, simama pahali ambapo unaona matairi yake ya nyuma yanavyogusa lami, manake na yeye anaweza akawa ni Mama Dagaa mwingine.

Hiyo harufu ni klachi. Inanukia kama brekishuu ikiungua, ya kuwasha puani, na imetokana na kule kuvumisha injini huku pleti inateleza. Mara moja moja haijaua, pleti inapoa. Ila kama gari imefika pahali unakanyaga mafuta injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki, hapo pleti imekwisha. Kuna kipimo cha haraka, ukiwa tambarare na mbele hakuna mtu: handibreki juu kabisa, ingiza namba tatu, mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Klachi nzima itazima gari palepale. Ukiachia yote na injini bado inazunguka kama kawaida, anza kuchanga hela ya pleti. Kipimo hicho fanya mara moja tu, ukirudiarudia unaimalizia mwenyewe.

Jambo lingine ambalo chuoni hawakukwambia ni mzigo. Kirikuu tupu mkia wake ni mwepesi, uzito wote uko mbele mlipokaa wewe na injini, na matairi yanayosukuma ni ya nyuma, kwa hiyo kwenye vumbi au changarawe ukikanyaga mafuta kwa hasira tairi linazunguka bure na gari inaanza kukaa upande. Ukiwa na magunia ya dagaa nyuma tairi linashika vizuri lakini gari ni nzito kuondoka, itataka mafuta zaidi na uvumilivu kwenye klachi. Kwa hiyo fanya mazoezi yote mawili, tupu na na mzigo. Magunia yafunge, tafadhali. Niliwahi kuona ndoo ya dagaa imeshuka mlima peke yake, paka wa mtaa mzima walikuwa na sikukuu.

Na kile cha kupanda kwa kasi bila kusimama, acha kuanzia leo. Najua kwa nini unafanya, lakini mitaa ya kule juu ina kona huoni mbele, ina watoto wanatoka shule, na usiku kuna bodaboda zinashuka zimezimwa injini kuokoa mafuta, hazina sauti wala taa. Bora uzime mara kumi.

Kuhusu shemeji yangu na oto yake. Gari ya oto sio dhambi, na isikudanganye, kwenye mlima mkali na yenyewe inaweza kurudi nyuma kidogo ukichelewa kutoka breki kwenda mafuta. Ila we unafanya kazi ya mzigo, kirikuu spea zake ziko kila kona, mafundi wanaijua wamefumba macho, na umeshalipa ada ya kujifunza kwa ile 20,000 ya bajaji. Mimi ningekaa nayo. Mwambie nimesema jaribu mwezi mmoja na handibreki, ikishindikana tutaongea bei.

Anko mambo vipi, mi naendesha Canter natokea Dar kupeleka mizigo Mbeya. Nikirudi, nikifika mlima Kitonga kushuka huwa naweka frii nachapa mwendo, mafuta yanapungua kweli. Mwenzangu anasema ni hatari, mi naona anaogopa tu. Nani mkweli? — Dogo wa Canter.

Mwenzako.

Dogo, Kitonga unaijua kuliko mimi, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, kona juu ya kona na malori yanapanda yanalia. Ukiweka frii umeikata injini isikusaidie kushika gari, kazi yote umeibebesha breki, breki zinachemka, zikichemka sana unakanyaga pedeli ipo lakini gari haipungui. Hapo hakuna fundi. Wazee wetu wa malori walikuwa na hesabu rahisi, mlima ushuke kwa gia ileile ambayo ungepandia, ukiona ungepanda na namba mbili basi shuka na namba mbili, na gia uingize kabla hujaanza kushuka, ukiwa bado juu. Injini italia, iache ilie, ndo inafanya kazi yake. Breki unakanyaga kwa awamu, unapunguza mwendo kisawasawa afu unaachia zipate hewa, sio unaweka mguu juu yake safari nzima.

Na hayo mafuta unayosema unaokoa, kwenye magari ya sikuhizi yenye kompyuta ya mafuta ni kinyume. Ukiwa ndani ya gia na mguu umetoa kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, matairi ndo yanaizungusha injini. Ukiweka frii injini inabidi inywe ili isizime. Unalipa wewe. Wale wanaozima kabisa na funguo ndo sitaki hata kuwasikia, breki inaishiwa ule msaada wa injini baada ya kukanyaga mara mbili tatu inakuwa ngumu kama ukuta, usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa funguo unaweza kujifunga.

Habari anko, mimi ni Mtanzania nasoma Kigali. Nilijifunza gari ya gia Moshi, sasa rafiki yangu huku ana Corolla ya gia ya usukani wa kushoto anataka niwe namsaidia kuendesha. Naogopa kuchanganya pedeli, halafu huku ni vilima mwanzo mwisho. — Mwanachuo.

Pedeli hazichanganyiki mwanangu, ondoa hofu hiyo. Usukani ukiwa kulia au kushoto, klachi inabaki kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Kinachohama ni mkono. Gia na handibreki sasa ni za mkono wa kulia, na watu wengi wiki ya kwanza wanapiga mlango kwa mkono wa kushoto wakitafuta gia, nami nilipiga, kidole kikavimba. Mpangilio wa gia nao haugeuzwi kama kwenye kioo, namba moja bado iko kushoto kabisa na juu. Ila kwa gari za kwetu kushoto ni mbali na wewe, unaisukuma, na kwenye hiyo ya rafiki yako kushoto ni upande wako, unaivuta kuja pajani. Hapo ndo watu wanaondokea namba tatu wakidhani ni moja, na kwenye mlima gari inazima. Kabla ya kuwasha kaa dakika tano gari imezimwa, ingiza moja, mbili, tatu, nne, macho mbele, mpaka mkono uache kuuliza.

Kubwa kuliko gia ni kwamba Rwanda wanaendesha kulia, na kichwa kitasahau pale ambapo hakuna gari nyingine ya kufuata, mfano unatoka sheli asubuhi mapema au unakata kona kuingia barabara tupu. Kupanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini na foleni na zile moto (bodaboda za huko) zinapita kila upande usianze na huko. Anza Jumapili, na somo la handibreki la Mama Dagaa hapo juu ni lako pia, neno kwa neno, badilisha mkono tu.

Anko, nataka kumfundisha mke wangu gari ya gia mwenyewe ili nisitoe hela ya chuo. Tunakaa Bugarika hapa Mwanza, mlimani. Pia naomba unielekeze kupaki, juzi gari ya jirani ilijiondokea yenyewe usiku ikaingia kwenye banda la kuku. — Baba Wawili.

La kwanza, hapana. Nilijaribu na mke wangu mwaka mmoja, tulitoka nyumbani watu wawili wanaopendana tukarudi kila mtu kwa bajaji yake, na gari ilibaki Mkuyuni mpaka kesho yake. Toa hela ya chuo. Ukitaka kumsaidia, kaa naye kama abiria akishajua, na ukae kimya.

La pili ni la maana. Kupaki mlimani handibreki peke yake isiaminiwe, waya unalegea, breki zikipoa usiku zinaweza kuachia kidogo. Injini ikishazimwa acha gari ndani ya gia. Kama pua inaangalia juu weka namba moja, kama inaangalia chini weka rivasi, hapo hata handibreki ikishindwa injini inashikilia. Afu geuza tairi. San Francisco kule Marekani, mji wenye milima ya kutisha, kupaki kwenye mteremko bila kugeuza tairi ni kosa la kupigwa faini, wamelichukulia serious hivyo. Kama pana ukingo wa zege pembeni na unaangalia chini, geuza tairi kuelekea kwenye ukingo. Ukiangalia juu, zigeuze upande wa barabarani, ili ikirudi tairi la mbele liegemee ukingo. Lakini Bugarika ukingo wa zege utautoa wapi, kwenu ni mtaro na mawe, kwa hiyo geuza kuelekea pembeni kila mara, juu au chini, ikiondoka iangukie mtaroni na sio kwenye banda la watu, mtaroni utaita vijana watano mtaitoa.

Na jiwe. Mwanza mawe hatununui, tafuta moja zuri lenye ubapa, lichomeke kwenye tairi, upande ule mlima unakoshukia, lisukume kwa mguu mpaka likaze. Ila asubuhi ukiondoka liokote ulitupie nyuma ya kiti. Msiyaache katikati ya barabara, mwaka jana nimelikuta la mmoja wenu saa mbili usiku nikiwa nyuma ya bodaboda, na goti mpaka leo likihisi mvua linaniambia kabla ya redio.